Siku Moja Katika Mji wa Kale wa Mombasa: Namna ya Kununua Vitu vya Zamani

Aghalabu jamaa wa bara wanaopata likizo na kufika Mombasa huelekea ufuoni, wakaoga bahari, wakala samaki, kisha wakarudi nyumbani. Ni wachache wanaotenga siku moja kuutembelea Mji wa Kale, mtaa ulio mashariki mwa kisiwa, kando ya bandari ya majahazi. Humo, katika vijia vyembamba kati ya nyumba za mawe ya matumbawe, yamo maduka ya vitu vya zamani: madele ya kahawa, masinia ya shaba, vyetezo, mirashi, masanduku ya njumu, saa za ukutani, kandili na sarafu.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha askari, polisi na jamaa zao namna ya kuitumia siku hiyo bila kuupoteza mshahara, bila kuvunja sheria, na bila kusaidia kuubomoa mji wenyewe.

ANZA NGOMENI

Usianze dukani. Anza Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ndani yake mna makumbusho. Humo utaona vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa. Jicho lililokwisha kuona kitu cha kweli halidanganyiki upesi. Ukitoka hapo, ingia Ndia Kuu, yaani njia kuu kwa lafudhi ya Mombasa, ambayo ni miongoni mwa barabara za zamani za mji huo.

Chagua asubuhi, kabla ya jua kali. Ikiwa ni Ijumaa, kumbuka kwamba adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala.

SALAMU KABLA YA BEI

Wengi wetu tulijifunza Kiswahili kambini, na Kiswahili cha kambini ni cha amri. Lugha hiyo haifai Mji wa Kale. Mkute mzee dukani, mwamkie "Shikamoo", ngoja akuitikie "Marahaba", muulize hali yake, ndipo uulize habari za kitu. Bei hupunguzwa kwa maneno mazuri wala si kwa sauti kubwa. Ukipewa kikombe cha kahawa chungu, kinywe, hakikufungi kununua.

Kabla ya kutoka nyumbani, mume na mke waafikiane juu ya fedha watakazotumia. Karo ya watoto na posho ya mwezi zitengwe kwanza. Kinachobaki kitiwe katika bahasha, nayo ikiisha, safari ya madukani imekwisha.

JINSI YA KUPIMA

Si kila kilichopakwa vumbi ni cha zamani. Wapo mafundi wanaotengeneza chombo leo na kukifanya kionekane kuukuu kwa dawa na moshi. Shika kanuni hizi:

Kwanza, chukua sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku. Ikinata, ujue ndani ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Pili, tazama mahali mkono unapogusa. Chombo kilichotumika miaka mingi hulika kwenye mpini, ukingo na kitako, wala hakiliki sawasawa kila mahali.

Tatu, sanduku lifunguliwe na kupinduliwa. Mbao mpya chini, harufu ya vanishi na skurubu zinazong'aa ni mashahidi wa kutosha.

Nne, usiamini tarehe peke yake. Reale ya fedha ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani hii, imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini iliendelea kutengenezwa muda mrefu baadaye kwa tarehe ile ile.

VISIVYOFAA KUNUNULIWA

Hapa ndipo penye uzito. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa kitabu na hati, huhesabiwa kuwa kitu cha kale. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 nayo inalindwa. Vitu hivyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Hata pesa ndogo ya shaba yenye jina la Mombasa na mwaka 1888 imo katika hesabu hiyo.

Sheria hii ina maana yake. Mlango wa nakshi haukuota dukani. Uling'olewa katika nyumba ya mtu. Nyumba ikishapoteza mlango na miimo, hutiwa mlango wa chuma, nao mtaa hupoteza uso wake. Mnunuzi asiyeuliza kitu kimetoka wapi ndiye anayemtuma mng'oaji mwingine usiku. Sisi tuliopewa kazi ya kulinda mali za watu haitupasi kuwa wanunuzi wa namna hiyo.

Pembe za ndovu na magamba ya kasa usiyaguse hata kama muuzaji ataapa kuwa ni ya babu yake.

Basi ununue nini? Viko vitu vingi vya karne ya 20 vya bei nafuu: kandili, saa, mabakuli ya bati, na sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, ambazo wazee wetu wa Uganda, Kenya na Tanganyika walizitumia kabla ya kila nchi kuanza fedha zake mwaka 1966. Omba stakabadhi inayotaja kitu chenyewe, upate kuionyesha mpakani.

UKIFIKA NYUMBANI

Shaba isuguliwe kwa ndimu na chumvi, isuuzwe na kukaushwa mara moja. Sufuria au dele la shaba ambalo bati la ndani limechubuka lisipikiwe chakula, hasa chenye ndimu au ukwaju, mpaka fundi alitie bati upya. Vinginevyo liwe pambo tu.

Mwisho, kabla ya kwenda Mombasa, nenda kwanza kwa bibi yako kijijini. Muulize juu ya kinu, kibuyu, kigoda na sarafu zilizofungwa kitambaani. Andika jina la aliyevitengeneza na mwaka vilipopatikana. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini pia, nao hawaulizi historia.