Fahamu: Ubongo na biashara ya katuni za watoto

Ubongo ni nini?

Ni taasisi isiyolenga faida, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, inayotengeneza vipindi vya watoto vikiwemo Ubongo Kids na Akili and Me.

Pesa inatoka wapi?

Hapa ndipo Ubongo inapotofautiana na kampuni ya Mattel ya Marekani. Mattel, inayouza mwanasesere Barbie tangu 1959, huishi kwa vifaa vya kuchezea. Filamu ya Barbie ya 2023 ilikuwa pia tangazo refu, tena lililolipiwa na watazamaji wenyewe. Ubongo haiwezi kuegemea huko. Mzazi wa Bunda au Butiama, mkoani Mara, anayepigia hesabu bei ya madaftari hatanunua mwanasesere mwenye nembo, na mtoto hujitengenezea gari la waya. Kwa hiyo gharama kubwa hubebwa na wafadhili, ili kipindi kimfikie mtoto wa Musoma kupitia televisheni au redio bila kuuziwa kitu.

Wapo watakaosema ufadhili ni utegemezi. Hoja hiyo ina uzito: mfadhili akibadili vipaumbele, kipindi kinatikisika. Lakini kampuni ya mauzo nayo humfuata mnunuzi, na wazazi wengi wa Mara hawamo katika hesabu hiyo.