Je, Wajua? Herufi Zinazohamisha Saa

Kwenye Linux kuna upau mwepesi uitwao tint2, ambao mipangilio yake hukaa katika faili la maandishi, tint2rc. Mstari mmoja humo, panel_items, unaweza kusomeka LTSC: L ni vitufe vya kufungulia programu, T ni madirisha yaliyo wazi, S ni aikoni za programu zinazofanya kazi chinichini, C ni saa. Ihamishe C iwe ya kwanza, na saa itahamia kushoto. Rahisi, ila nani atakariri herufi hizo? Ndiyo maana ikatengenezwa tint2conf, dirisha la kubofyabofya tu. Ukibonyeza kitufe cha kutekeleza, inaandika faili lilelile, kisha inaipa tint2 ishara ilisome upya. Kompyuta huizimi.