Kaa lililodhaniwa limezimika

KATIKA miezi ya Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika kuanza, si ajabu kuona moshi ukifuka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu za Aberdare. Mnamo Machi 2012, moto uliteketeza maelfu ya ekari za nyasi, vichaka na misitu katika Mlima Kenya.

Wengi hulilaumu jua. Hata hivyo, jua peke yake haliwashi nyasi. Ili moto uwake, sharti vitu vitatu vikutane: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni na joto la kutosha. Kiangazi hukausha majani tu. Cheche huletwa, na aghalabu anayeileta ni binadamu. Kweli, radi huweza kuuwasha msitu, lakini huku kwetu radi nyingi huandamana na mvua.

Mlina asali huwafukuza nyuki kwa mwenge wa moshi, kisha akauacha chini ya mti. Mchomaji makaa huondoka tanuri lingali linafuka. Mfugaji huchoma nyasi kuukuu ili machipukizi yatokee, naye mkulima husafisha shamba lililopakana na msitu ilhali upepo unavuma. Wengi wao hawana nia mbaya. Kila mmoja huamini kwamba moto wake umekwisha. Kumbe kaa lililofunikwa na majivu huhifadhi joto kwa saa nyingi. Penye mboji nene, moto hupenya chini ya ardhi, ukatambaa kwenye mizizi na kuibukia kwingine baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana wanaopambana nao huchimba mitaro badala ya kuyapiga tu majani kwa matawi.

Nyumbani nako, hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Chukua mfano wa gesi ya kupikia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo inapovuja haipandi juu na kutokea dirishani, bali hutanda sakafuni na kujikusanya pembeni. Kwa asili haina harufu. Ule uvundo tunaoujua huongezwa makusudi ili utuonye. Anayeusikia usiku, kosa lake la kwanza huwa kuwasha taa, kwani hata cheche ndogo ya swichi yatosha kuilipua. Afaacho kufanya ni kufungua milango na madirisha, kuufunga mtungi na kutoka nje. Mpira wa mtungi nao hukaguliwa kwa povu la sabuni, wala si kwa kiberiti kama wafanyavyo baadhi yetu.

Mvuke wa petroli una tabia iyo hiyo ya kutambaa chini. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwa bomba na kuingia katika mtaro uliopita kando ya makazi ya Sinai, jijini Nairobi. Wakazi walikuwa wakiyateka mafuta hayo moto ulipolipuka. Watu zaidi ya 100 walifariki.

Umeme nao hujificha ndani ya kuta. Waya mwembamba unapolazimishwa kubeba jiko, pasi na friji kwa pamoja, hupata joto hadi plastiki yake ikayeyuka. Mwenye nyumba huona fyuzi ikikatika kila mara, naye badala ya kuuliza sababu, huweka kipande cha waya mahali pake. Hapo huwa ameondoa mlinzi pekee aliyekuwepo. Katika mitaa ya mabanda, ambako umeme huunganishwa kiholela na nyumba za mbao na mabati zimebanana, cheche moja huweza kuteketeza makumi ya nyumba kabla gari la zimamoto halijapata njia ya kupita.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usiyamwagie maji. Yatarushwa huku yakiwaka. Zima jiko na uifunike sufuria. Ama jiko la makaa, majivu yake yasitupwe kwenye pipa la plastiki au rundo la taka jioni ile ile. Yamwagie maji, uyakoroge, kisha uyamwagie tena. Ukisikia hata mchirizo mdogo wa mvuke, bado yana moto.