Je, Wajua? Vuga, Mji Mkuu Ulio Juu ya Mombo

Wengi wanaopanda milima ya Usambara hupita Soni bila kugeuza shingo, macho yote yakiwa Lushoto. Haya hapa machache kuhusu mji mkuu wanaoupita.

Je, wajua kwamba Lushoto si mji mkuu wa kwanza wa Usambara? Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao Wilhelm wa Pili, wakaufanya makao ya utawala. Kabla ya hapo, neno la mwisho milimani lilitoka Vuga, kwenye baraza la ukoo wa Wakilindi.

Je, wajua kwamba mwanzilishi wa ukoo huo alikuwa mgeni? Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu. Kwao alihesabiwa kigego, kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza. Huku Usambara aliwagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, akaamua kesi zao, akaua simba. Wakampa wake, kisha wakampa nchi. Hiyo ilikuwa karne ya 18.

Je, wajua kwamba mtawala wa Vuga aliitwa Simba Mwene? Washambaa, wenyeji wa Usambara, walimhesabu kuwa ndiye mwenye mvua. Nchi ikistawi, sifa zilikuwa zake. Njaa ikiingia, lawama nazo zilipanda hadi barazani kwake.

Je, wajua kwamba Simba Mwene alipofariki, habari zilifichwa? Watu wa kawaida hawakuambiwa lolote mpaka mrithi afikishwe Vuga. Kiti hakikutakiwa kuonekana kitupu hata siku moja.

Je, wajua kwamba enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, amri ya Vuga ilishuka hadi pwani? Aliwaweka wanawe kuwa wakuu wa sehemu mbalimbali za milima. Huko Pangani na jirani zake, majumbe walilazimika kutazama pande mbili: kwa Kimweri mlimani na kwa Sultani Unguja.

Je, wajua kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mara mbili, 1848 na 1852? Alikuja kuomba ruhusa ya kufungua misheni, akapokewa vizuri.

Je, wajua kwamba Februari 1857 walifika Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, kabla ya safari yao ya Ziwa Tanganyika? Burton aliandika kwamba mji ulikuwa marufuku kwa wageni, akaukadiria kuwa na vibanda kama 500 na watu wapatao 3,000. Kimweri, mzee na mgonjwa wakati huo, alitaka jambo moja kwa wageni wake: dawa ya kumrudishia nguvu.

Je, wajua kilichoiangusha Vuga? Biashara ilikuwa bondeni. Misafara ya pembe na watumwa ilipita chini ya milima, na Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, njiani kabisa. Alipata bunduki. Baba yake alipofariki, Semboja alimpiga vita mrithi, Shekulwavu, na Vuga ikatekwa. Kiti kilibaki mlimani, nguvu ikahamia tambarare.

Je, wajua kwamba mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, kwa kosa la kumuua mtu? Aliyekuwa mwamuzi wa kesi zote nchini akahukumiwa na wengine. Mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri wakaanza kituo chao Vuga, na baadaye vitabu vikachapwa hapohapo.

Je, wajua kwamba mambo mengi ya Vuga tunayajua kwa Kiswahili? Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi aliandika *Habari za Wakilindi*, iliyochapwa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907.

Je, wajua kwamba Waingereza walirudisha uzumbe, yaani uchifu, wa Wakilindi katika miaka ya 1920, wakitawala kupitia kwao? Serikali ya Tanganyika huru ndiyo iliyofuta madaraka ya machifu, mwaka 1963.

Na je, wajua kwamba Vuga ingalipo? Leo ni kata katika Halmashauri ya Bumbuli. Usitarajie ngome wala kasri la mawe. Mji ule ulijengwa kwa miti na nyasi, na sehemu kubwa ya historia yake imo vichwani mwa wazee. Kwa hiyo ukifika Soni safari ijayo, usikimbilie Lushoto. Ulizia njia ya Vuga, salimia wenyeji, omba kuonana na wazee, kisha kaa usikilize.