Haijafika si haikufika: sarufi ya kungoja jibu la chuo

Mwezi wa tatu mwaka jana nilipokea barua kutoka chuo kimoja cha Ulaya nilikoomba nafasi ya kusoma masta ya isimu. Nilikuwa hapa Kasapa, mega za simu zikikaribia kwisha, nikasoma mstari wa kwanza tu: nimekubaliwa. Nikampigia mama. Jioni ile tulikula bukari na kuku badala ya sombe, na mama alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wa likelemba kwamba mtoto wake anakwenda Ulaya. Yaya yangu alipiga simu kutoka Kolwezi, na yeye peke yake ndiye aliyeuliza: « Wamekubali, sawa. Lakini nani atalipa? »

Usiku nilisoma barua yote. Pesa hazikutajwa popote. Uamuzi wa ufadhili ungetolewa na kamati nyingine, kwa barua nyingine. Mwanafunzi wa isimu anayeshindwa kusoma barua fupi anastahili kuchekwa, na nimechekwa vya kutosha. Lakini kila mwaka naona wenzangu kadhaa wa kitivo chetu wakingoja majibu kama hayo, na nyumba nzima zikingoja pamoja nao. Kwa hiyo nataka kueleza jambo ambalo lugha yetu inalijua vizuri na ambalo mimi nililisahau.

Tuanze na vitenzi viwili: barua haikufika; barua haijafika. Vyote viwili ni vikanusho, na katika vyote viwili mkononi hamna barua. Tofauti ni kiambishi kimoja. Kiambishi -ku- kinakanusha wakati uliopita: muda wa barua kufika ulikuwapo, umepita, na barua haikuonekana. Kiambishi -ja- kinakanusha hali timilifu: mpaka sasa tendo halijatimia, lakini muda wake bado uko wazi. Ukitaka kuhakikisha, ongeza neno bado. « Barua haijafika bado » inakaa vizuri mdomoni. « Barua haikufika bado » inamkwaza msikilizaji, kwa sababu nusu moja ya sentensi inafunga mlango na nusu nyingine inauacha wazi.

Lugha nyingi za Kibantu zina umbo la namna hii, na wanaisimu wengine wameipa dhana hiyo jina la Kilatini, nondum, yaani « bado ». Kifaransa, lugha ya barua zetu nyingi, hakina kiambishi cha kazi hiyo. Ukisema la lettre n'est pas arrivée, msikilizaji hajui kama unangoja au umekata tamaa, mpaka uongeze encore. Katika Kiswahili kitenzi chenyewe kinamlazimu msemaji kuchagua. Anayeulizwa kila jioni « Jibu limefika? » hawezi kujibu kwa sentensi kamili bila kusema pia kama anaendelea kungoja.

Na kungoja kwenyewe kuna majina kadhaa. Kungoja ni kukaa mpaka jambo litokee. Kungojea kunaongeza kauli ya kutendea, na hapo kuna mtu au kitu maalumu anayengojewa. Kusubiri kumetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya uvumilivu. Kutarajia kumetoka katika mzizi wa tumaini. Mtu anaweza kungoja bila kutarajia, kama anayengoja mvua ipite. Mama yangu alikuwa anatarajia. Mimi, baada ya usiku ule, nilikuwa nangoja tu, na sikumwambia tofauti hiyo. Hata methali zetu hazikubaliani: moja inasema subira yavuta heri, nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nadhani zote mbili zina haki. Ya kwanza inamfaa yule ambaye barua yake haijafika. Ya pili inamwonya yule ambaye barua yake haikufika naye hataki kubadili kiambishi.

Tuje kwenye maneno ya barua zenyewe. Katika familia zetu yote yanatafsiriwa kwa neno moja, « amepata », na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kuna angalau hali tano, na kila moja ina kitenzi chake.

Ombi limepokelewa: karatasi zimefika, hakuna aliyezisoma.

Ombi linastahiki: karatasi zimekamilika na masharti ya kuomba yametimizwa. Huu ni ukaguzi, uteuzi haujaanza.

Umekubaliwa kwa masharti: chuo kinakutaka iwapo utaleta kitu fulani, mara nyingi diploma ya mwisho au cheti cha lugha.

Umekubaliwa: chuo kimekupa kiti darasani. Nani atalipia kiti hicho, nauli na chumba ni swali jingine, na ofisi ya viza italiuliza kwa sababu hutaka uthibitisho wa pesa.

Umefadhiliwa: kuna anayelipa, na barua inataja kiasi au gharama zinazolipwa, muda, na tarehe ya wewe kujibu.

Kati ya hali ya nne na ya tano kuna mahali pagumu kuliko pote: orodha ya akiba. Mfano unaojulikana ni Erasmus Mundus, mpango wa masta wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004. Programu zake nyingi hupokea maombi kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa kwanza, kwa masomo ya mwaka unaofuata. Baada ya uteuzi kuna orodha kuu, orodha ya akiba na wasioteuliwa. Aliye kwenye akiba hufadhiliwa endapo mtu wa orodha kuu ataiacha nafasi yake. Hajakataliwa, hajapewa. Huyu ni mtu anayeishi ndani ya -ja-, na hatima yake iko mikononi mwa mgeni ambaye hatamjua kamwe.

Ufadhili niliouomba mimi ulikuwa mwingine, lakini jibu la kwanza lilikuwa hilohilo: akiba. Mwezi wa tano mama aliwaomba wenzake wa likelemba wampe zamu yake mapema ili nilipie pasipoti. Wakakubali, kwa sababu mtoto « amepata ». Mwezi wa saba prefe wa shule moja ya sekondari aliniita nifundishe Kifaransa kuanzia mwezi wa tisa. Nilimwambia naomba aningojee kidogo. Tarehe ya mwisho ya uteuzi, iliyoandikwa katika barua yangu, ilikuwa imepita siku kumi na mbili. Jioni mama aliuliza kama kawaida, nami nikajibu kama kawaida: « Hawajajibu, mama. » Sentensi hiyo ilikuwa sahihi kisarufi, na ilikuwa uongo.

Nilikaa na uongo huo wiki moja. Kisha nikamkuta mama uani akichagua sombe, nikamweleza barua mbili, kiti na pesa, akiba, tarehe. Mwisho nikasema: « Mama, hawakunifadhili. » Alinyamaza, akaendelea kuchambua majani. Halafu akauliza: « Na prefe, bado anakungojea? »

Alikuwa bado. Nafundisha asubuhi tatu kwa wiki, na deni la likelemba limebaki miezi miwili.

Wenzangu mnaoomba mwaka huu, nawashauri mambo mawili. Kabla ya kupiga simu nyumbani, tafuteni katika barua kitenzi kimoja kati ya vile vitano. Na siku mnayotuma ombi, andikeni tarehe ambayo baada yake -ja- itageuka -ku-, mkamwonyeshe mtu mwingine wa nyumbani. Mimi nimeomba tena. Jibu halijafika. Tarehe ni tarehe 30 mwezi wa sita, na mama ameiandika mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni.