PLASTIKI IKIYEYUKIA JIKONI, USIIMALIZE KWA MOTO

Katika nyumba nyingi za Tarime mjini, Sirari na Mugumu, jiko la gesi na jiko la mkaa siku hizi hukaa pamoja: la gesi kwa chai ya haraka, la mkaa kwa maharage yanayohitaji muda. Kando yake huwapo jagi, beseni na dumu, vyote vya plastiki. Hata mwiko, ambao zamani haukuwa ila wa mti, sasa huuzwa wa plastiki, jambo ambalo mwandishi wa makala haya hajalielewa faida yake. Basi beseni husogezwa karibu mno na moto, au mfuniko huwekwa juu ya jiko lililodhaniwa kuwa limepoa, na mara ukingo umelegea na kugandamana na chuma.

Wengi wakiona hivyo huongeza moto, ati iungue iishe. Polithini, ambayo ndiyo plastiki ya mifuko na madumu mengi, huyeyuka baina ya nyuzi 105 na 135 za Sentigredi, juu kidogo tu ya maji yachemkayo. Makaa mekundu hupita nyuzi 600. Ikipata joto hilo hugeuka moshi na masizi, na matone yake hudondoka yakiwaka. Mabaya zaidi ni maganda ya nyaya za umeme na mabomba, kwani mengi yana klorini: yakiungua hutoa hewa ya tindikali iwashayo macho na koo, pamoja na sumu ziitwazo daioksini. Moshi huo haumfai mtu yeyote, sembuse mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Zima moto, funga koki ya mtungi, fungua mlango na dirisha hata kama asubuhi ni ya baridi, na watoto watoke nje. Kisha ngoja. Plastiki ya moto huvutika kama ulimbo. Ikipoa kabisa hubanduka. Ikwangue kwa kipande cha mti, na hapo mwiko uliovunjika unapata kazi. Kama kwa jirani kuna barafu, iweke juu ya gando hilo kwa dakika chache, nalo litakuwa gumu na kukatika upesi. Lakini jiko la kioo lingali moto usilimwagie maji baridi, laweza kupasuka. Petroli na mafuta ya taa visikaribie kazi hii. Matundu ya gesi yazibue kwa sindano. Ukiwasha ukaona ndimi za manjano na sufuria inashika masizi, ujue bado yameziba.

Mkaa uliodondokewa na plastiki utoe kwa koleo, ukauzimie nje, wala usiuchomee mahindi wala nyama. Chakula kilichoingiwa na plastiki kimwagwe, ingawa twajua bei ya unga.

Wapo pia wanaoiweka jikoni kwa makusudi, ili kuwashia mkaa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo pande zote mbili za mpaka wa Sirari mfuko huo hauruhusiwi. Hata hivyo vifungashio vya sukari na mkate vingalipo, navyo ndivyo huishia katika makaa. Magunzi makavu na vibanzi vya kuni huwasha vizuri, ila vyataka subira kidogo.

Tone la plastiki inayowaka likimwangukia mtu, hushikamana na ngozi na kuendelea kuunguza. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kwa kata ikiwa hakuna bomba. Usiibandue plastiki iliyoshika, maana itaondoka na ngozi. Dawa ya meno, samli na mafuta visipakwe. Vua pete au bangili mapema kabla mkono haujavimba, funika kidonda kwa kitambaa safi, umpeleke mgonjwa katika kituo cha afya ili plastiki itolewe huko. Akiwa mtoto mdogo, au akiungua usoni au viganjani, aondoke saa ileile, hata kama ni usiku.