Kwenye Theluji, Breki ni Tairi

Familia inayohamia Minnesota, Maine au Alberta kutoka Kenya, Burundi au Kongo huwa na mengi ya kununua kabla baridi ya kwanza haijaingia: makoti, buti, glavu za watoto. Gari nalo hununuliwa katikati ya pilikapilika hizo, na ushauri wa ndugu waliotangulia mara nyingi ni mmoja: tafuta gari refu, la kuzungusha magurudumu yote manne. Ushauri huo una mizizi nyumbani. Aliyepita barabara za udongo za Kivu wakati wa mvua anajua kwamba gari la chini hulala njiani na Land Cruiser hufika.

Kwenye theluji, huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyosahaulika ndiyo inayoleta misiba. Nguvu ya injini ikigawanywa kwa magurudumu manne, gari huondoka kwa urahisi. Haliwezi kusimama kwa urahisi zaidi kwa sababu hiyo, maana kila gari, hata dogo la bei ya chini, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kinachoamua kama breki hizo zitafaa kitu ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja cha mkono.

Hesabu yenyewe inatisha. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, husimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki zinaposhika. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, msuguano hushuka hadi karibu robo, na umbali unafika takriban mita 50. Juu ya barafu tupu unakaribia mita 100. Mwendo ukiongezwa maradufu, umbali unakuwa mara nne. Uzito wa gari hauokoi: gari zito hukandamiza barabara kwa nguvu zaidi, lakini pia lina nguvu kubwa zaidi ya kuendelea mbele, na mambo hayo mawili hufutana. Ndiyo maana baada ya dhoruba magari makubwa huonekana mitaroni pamoja na madogo. Yaliondoka vizuri, dereva akajiamini, kona ikafika.

Mpira wa tairi hubadilika tabia kulingana na joto. Tairi la majira ya joto limechanganywa ili lisilainike kupita kiasi kwenye lami yenye moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi, kabla hata maji hayajaganda, mpira huo huanza kukakamaa. Hauwezi tena kujibonyeza kwenye vinyweleo vya barabara, na hapo hata meno yawe mapya namna gani, tairi linaserereka. Mpira wa tairi la baridi huchanganywa kwa namna nyingine, mara nyingi kwa silika nyingi, ubaki laini kwenye baridi kali. Juu ya meno yake hukatwa mamia ya mikato myembamba. Mikato hiyo hufunguka tairi linapobingirika, hung'ata theluji na kuondoa utando wa maji juu ya barafu. Utando huo ndio adui mkubwa: barafu iliyo karibu na nyuzi 0 huteleza kuliko barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ingawa macho ya mgeni huogopa zaidi ile ya pili.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Theluji iliyojaa kwenye nafasi za meno haiharibu kazi. Inasaidia, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha Suomen Gummitehdas, nchini Finland, kilitengeneza tairi la malori kwa ajili ya barabara za theluji, na mwaka 1936 kikatoa la magari madogo, Hakkapeliitta, jina linaloendelea kuuzwa hadi leo.

Mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kuinama na kusoma ubavu wa tairi. Herufi M+S hueleza umbo la meno tu. Mtengenezaji huziandika bila kulazimika kulipima tairi kwenye theluji. Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye alama hiyo limefaulu jaribio la kushika theluji. Kina cha meno nacho kina maana: sheria za nchi nyingi huruhusu hadi milimita 1.6, lakini Finland na Sweden hudai angalau milimita 3 kwa tairi la baridi, na Quebec hushauri meno yasiwe chini ya milimita 4.8 msimu unapoanza.

Quebec imekwenda mbali kuliko majimbo mengine ya Kanada. Tangu mwaka 2008 magari ya abiria na teksi hulazimika kuwa na matairi ya baridi, na sasa kipindi hicho ni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Sheria inataka magurudumu yote, na kuna sababu. Anayefunga matairi mawili tu mbele ili kuokoa fedha anatengeneza gari ambalo mbele linashika na nyuma linateleza. Kwenye kona, mkia hutangulia. Minnesota haina sheria ya namna hiyo, kwa hiyo mzigo wote unabaki kwa mwenye gari.

Upepo wa tairi pia hushuka na baridi, takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6. Tairi lililojazwa psi 32 siku ya nyuzi 15 linaweza kubaki na psi 26 asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, bila kutoboka popote.

Yapo pia matairi ya misumari, yenye vichwa vigumu vinavyochimba barafu. Hayana mshindani juu ya barafu yenye majimaji, lakini hutafuna lami na kurusha vumbi laini linaloingia mapafuni. Ujerumani iliyapiga marufuku mwaka 1975. Mwaka 2010 Stockholm iliyazuia kwenye mtaa wa Hornsgatan ili wakazi wavute hewa safi zaidi.

Urefu wa gari, basi, una kazi gani? Una kazi moja, nayo ni kubwa: kina cha theluji. Gari dogo la kawaida lina uvungu wa sentimita 13 hadi 15. Subaru Forester ina karibu 22. Theluji ikizidi kimo cha uvungu, gari huanza kuisukuma kwa bampa na kuishindilia chini ya sakafu, hadi sakafu inakalia theluji na magurudumu yanapunguziwa uzito. Hapo yanazunguka bure, yawe mawili au manne. Mara nyingi kikwazo hakiko katikati ya barabara bali kwenye tuta zito linaloachwa na greda mbele ya lango la nyumba. Sentimita saba za ziada zinaweza kumtoa muuguzi wa zamu ya usiku pale. Hazitamsaidia kusimama kwenye taa nyekundu, na gari refu, likishateleza hadi mtaroni, hupinduka kwa urahisi zaidi.

Kukwama kwenyewe ni hatari ya kiafya. Theluji ikiziba bomba la moshi huku injini ikiunguruma, kaboni monoksidi hurudi ndani. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na hushikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Januari 2016, mama mmoja na mtoto wake wa mwaka mmoja walifariki huko Passaic, New Jersey, wakiota joto garini huku theluji ikizolewa nje. Januari 2022, watu zaidi ya 20 walikufa ndani ya magari yaliyokwama Murree, mji wa milimani Pakistan, na baridi pamoja na gesi hiyo vilitajwa kuwa chanzo.

Ukikwama, fukua bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, na uliangalie tena theluji inapoendelea kuanguka. Washa kwa dakika chache tu kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo. Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, au mtoto akilegea kwa usingizi usio wa kawaida, zima injini, fungua milango na upige 911, Marekani au Kanada.